Mwizi wa Usiku Dadaab: Kesi Isimalizwe Bila Mwenye Nyumba

Kesi ya kuvunja nyumba usiku katika kambi za wakimbizi za Dadaab, Kaunti ya Garissa, huisha kwa mojawapo ya njia tatu. Inaweza kuisha mahakamani, hakimu akatoa hukumu. Inaweza kuisha kwa maslaha, wazee wa pande mbili wakakaa, wakapima hasara na kuafikiana fidia. Au inaweza kufifia tu: mashahidi hawafiki, kesi inaahirishwa tena na tena, mshtakiwa anaachiliwa, na aliyeibiwa anarudi kwake mikono mitupu. Njia ya kwanza inajulikana na mawakili. Ya pili inajulikana na kila mtu kambini. Ya tatu haina wa kuitetea, lakini hutokea.

Watu hubishana sana kuhusu njia hizi. Wapo wanaoshikilia kwamba mahali pa mwizi ni gerezani, basi. Wapo wanaosema mila iliwatosha mababu na itawatosha wajukuu. Ubishi huo unamsahau mtu mmoja, naye ndiye mwenye kesi: aliyevunjiwa. Kipimo cha haki katika kesi ya aina hii ni kile kinachomrudia yeye, yaani mali yake, usalama wake, na nafasi ya kusema neno kabla jambo halijafungwa. Maslaha yanayomnyima hayo ni mabaya sawasawa na kesi inayofia mahakamani. Dawa yake ipo na haihitaji mabilioni: kila suluhu ifikishwe mbele ya hakimu, iandikwe, na mwenye nyumba aulizwe kwa kinywa chake kama ameridhika.

Nyumba ya turubai ni nyumba

Kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera zilianzishwa mwaka 1991 na 1992 kuwapokea watu waliokimbia vita Somalia. Zilikusudiwa watu 90,000 hivi. Ukame wa mwaka 2011 ulipoleta wimbi jingine, idadi ilipita 400,000. Kizazi kizima kimezaliwa humo, kikasoma, kikaoa na kuolewa, ilhali nyumba nyingi zimebaki za vijiti na turubai, na zilizo imara zaidi zikawa za matofali ya udongo na mabati. Milango mingi ya Dadaab imetengenezwa kwa makopo ya mafuta ya kupikia ya msaada, yakafunguliwa, yakanyooshwa kwa nyundo na kupigiliwa kwenye fremu ya mbao, maandishi ya kopo yakiwa bado yanasomeka. Kufuli ndogo ikishatiwa, ulinzi umeishia hapo. Na mwizi hana haja hata ya mlango. Wembe hukata turubai bila kelele, na aliyelala huamka akauona mwanga wa alfajiri ukiingia pasipokuwa na dirisha.

Je, kukata turubai ni kuvunja nyumba? Sheria ya Kenya inajibu kwamba ndiyo. Kifungu cha 304 cha Kanuni ya Adhabu kinalinda jengo, hema na hata chombo cha majini, mradi kinakaliwa na watu. Kifungu cha 303 kinaeleza kwamba kuvunja si lazima kubomoa. Kufungua kufuli, kusukuma mlango, kuinua kifuniko cha dirisha, yote hayo ni kuvunja. Na kuingia hukamilika mara tu sehemu yoyote ya mwili wa mhalifu, au ya chombo anachokitumia, inapopita ndani. Mkono uliopenyezwa kwenye turubai lililochanwa ili kuvuta simu iliyo chini ya mto unatosha.

Saa nazo zina uzito. Kosa likitendeka mchana, adhabu yake haizidi kifungo cha miaka 7. Likitendeka usiku, linapanda hadi miaka 10. Usiku kisheria huanza saa kumi na mbili na nusu jioni na kuisha saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kwa kawaida hati ya mashtaka huwa na shtaka la pili, la kuiba ndani ya nyumba ya kuishi, ambalo chini ya kifungu cha 279 linaweza kufikia miaka 14. Aliyekutwa na mali bila kuonekana akivunja anaweza kushtakiwa kwa kupokea au kushika mali ya wizi, kosa ambalo nalo lina kikomo cha miaka 14. Duka la sokoni Hagadera au stoo ya shule huangukia kifungu cha 306, kinachohusu majengo yasiyo makazi. Na mwizi akiiba kwa nguvu au kwa vitisho huku ana silaha, au akiwa na wenzake, au akimpiga mwenye nyumba, kosa hugeuka unyang'anyi wa kutumia nguvu, ambao ni jambo zito kupita yote haya.

Kwa hiyo sheria haikumsahau anayeishi katika hema. Walioiandika waliweka neno hilo wazi. Swali ni kama ulinzi uliomo kitabuni unafika bloku ya mwisho kule Dagahaley.

Simu moja, chakula cha nyumba nzima

Mtu aliye mbali anaweza kudhani kwamba vitu vinavyoibwa kambini ni vidogo mno kustahili kesi: simu, godoro, sufuria, betri ya sola, gunia la unga, mbuzi wawili. Anayeishi huko anajua uzito wake. Tangu mwaka 2016, sehemu ya msaada wa chakula Dadaab imekuwa ikitolewa kwa njia ya simu kupitia mpango wa Bamba Chakula, familia ikapokea thamani ya mgao kwenye laini yake na kununua chakula kwa wafanyabiashara waliosajiliwa. Mjane mwenye watoto watano akiibiwa simu yenye laini hiyo usiku wa kuamkia siku ya mgao, kilichoibwa ni unga, mafuta na maharagwe ya watoto wale. Atalazimika kuripoti, kupanga foleni, kuthibitisha kwamba ni yeye, na kusubiri. Wakati huohuo atakopa dukani, na deni la dukani hulipwa kabla ya kitu kingine chochote. Mgao wenyewe umepunguzwa mara kadhaa katika miaka ya karibuni, kwa hiyo hakuna akiba ya kuziba pengo.

Kisha kuna hofu. Wakazi wa zamani wanakumbuka miaka ya mwanzo ya 1990, ambapo majambazi wenye bunduki waliingia kambini usiku wakipora na kuwadhulumu wanawake. Familia iliyopitia hayo haimchukulii mkata turubai kuwa mwizi mdogo. Kinamama huanza kulala kwa zamu, mabinti hupelekwa kulala kwa shangazi, na biashara ndogo ya jioni hufungwa mapema. Nani atalipa hasara hiyo? Haimo katika hati yoyote ya mashtaka.

Kutoka kwa jirani hadi kituoni

Mwenye nyumba anapogundua ameibiwa, wa kwanza kuambiwa ni jirani, kisha kiongozi wa bloku. Vipo pia vikundi vya wakazi vya kujitolea vinavyoshughulikia amani na ulinzi, ambavyo huzunguka usiku na mara nyingi ndivyo vinavyomkamata mshukiwa kabla ya polisi kufika. Asubuhi huanza ufuataji wa nyayo. Katika jamii ya wafugaji wapo watu wanaoweza kuzitofautisha nyayo za kandambili moja na nyingine kwenye mchanga, wakazifuata hadi mlangoni mwa mtu. Ujuzi huo umewarudishia wengi ngamia na mbuzi wao, na huwarudishia pia magodoro.

Hapo ndipo njia panda ya kwanza ilipo. Mshukiwa akijulikana, na aghalabu hujulikana kwa kuwa kikulacho ki nguoni mwako, familia yake huja mapema kuomba jambo lisifike kituoni. Mlalamishi akikubali, hakuna rekodi yoyote. Akikataa, huenda kituo cha polisi cha kambi yake, hutoa taarifa na kupewa nambari ya OB, yaani ya daftari la matukio la polisi. Nambari hiyo ndiyo mwanzo wa kila kitu. Bila hiyo hakuna uchunguzi, hakuna hati ya mashtaka, na hata laini ya simu iliyopotea ni vigumu kuishughulikia.

Polisi wakimkamata mshukiwa, Kifungu cha 49 cha Katiba ya mwaka 2010 kinawataka wamfikishe mahakamani kabla ya saa 24 kupita, au siku ya kwanza ya kazi ya mahakama iwapo saa hizo zinaishia nje ya saa za kazi. Mjini Nairobi agizo hilo linahitaji safari ya gari ya nusu saa. Dadaab iko takriban kilomita 100 kutoka mji wa Garissa, na mvua zinapokatiza barabara magari hukwama kwa siku kadhaa. Umbali huo huamua hatima ya kesi nyingi kabla ya hakimu kuziona.

Mahakama inapowafuata watu

Mahakama za Kenya haziendeshwi na serikali za kaunti. Ni za Idara ya Mahakama ya kitaifa, ingawa zimetawanywa katika kaunti. Garissa ina mahakama ya hakimu na Mahakama Kuu, pamoja na mahakama ya Kadhi, ambayo mamlaka yake yanahusu ndoa, talaka, hadhi ya mtu na urithi baina ya Waislamu. Kadhi hana mamlaka juu ya mwizi. Kosa la kuvunja nyumba husikizwa na hakimu, na rufaa huenda kwa jaji wa Mahakama Kuu ndani ya siku 14.

Kwa kuwa mkimbizi haruhusiwi kutoka kambini bila kibali cha kusafiri, iligunduliwa mapema kwamba kumtaka mlalamishi na mashahidi wake watatu waende Garissa ni sawa na kuifuta kesi. Ndiyo maana mwishoni mwa miaka ya 1990 ilianzishwa mahakama ya kuhamahama, hakimu akisafiri kutoka Garissa pamoja na karani na mwendesha mashtaka kusikiza kesi Dadaab, kwa msaada wa shirika la UNHCR. Mpango huo ulisukumwa zaidi na kesi za dhuluma dhidi ya wanawake, lakini umewafaa pia walioibiwa.

Siku ya kusomewa mashtaka huenda hivi. Karani anaita nambari ya faili. Mkalimani anasimama kando ya mshtakiwa na kumsomea kwa Kisomali, au kwa Kioromo, au kwa lugha nyingine anayoielewa, kwamba usiku wa tarehe fulani alivunja na kuingia katika nyumba ya kuishi akiwa na nia ya kuiba. Huduma hiyo ya ukalimani ni haki yake kikatiba na hailipii. Mezani ipo simu iliyotiwa kwenye bahasha ya khaki na kuandikwa nambari ya OB kwa kalamu. Mshtakiwa akikiri, maelezo ya kosa husomwa, na hukumu yaweza kutolewa siku ileile. Akikana, tarehe ya kusikizwa hupangwa na suala la dhamana huibuka.

Dhamana ni haki, isipokuwa kukiwa na sababu nzito za kuikataa. Tatizo ni kwamba mdhamini hutakiwa awe na kitu, na mkimbizi hana hatimiliki ya shamba wala stakabadhi ya mshahara. Kijana anayetuhumiwa kuiba simu anaweza kukaa rumande Garissa muda mrefu kuliko kifungo ambacho angepewa kama angekiri siku ya kwanza. Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai inamtaka hakimu auhesabu muda huo katika adhabu, lakini kwa asiye na hatia miezi hiyo hairudi. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 inawataja wakimbizi waziwazi miongoni mwa wanaostahili kusaidiwa, na mashirika kama Refugee Consortium of Kenya yamekuwa yakitoa mawakili. Hata hivyo, washtakiwa wengi husimama peke yao.

Ushahidi wa gizani

Kesi za usiku ni ngumu kuthibitisha, na ugumu huo lazima usemwe bila kuficha. Kambini taa ni chache. Shahidi anayesema alimwona mshtakiwa ataulizwa: kwa mwanga gani? Alikuwa umbali gani? Alimtazama kwa muda gani? Alimjua kabla? Mahakama za Kenya zimesisitiza kwa miongo mingi kwamba utambuzi wa usiku wa shahidi mmoja upimwe kwa tahadhari kubwa, kwa sababu shahidi mkweli anaweza kukosea kwa moyo safi.

Kwa hiyo kesi nyingi husimama au kuanguka kwa mali iliyopatikana. Mahakama ya Rufaa ilieleza mwaka 2006, katika kesi ya Arum dhidi ya Jamhuri, mambo yanayopaswa kuthibitishwa kabla ya mtu kuhukumiwa kwa kukutwa na mali iliyoibwa karibuni: kwamba mali ilipatikana kwake, kwamba ni ya mlalamishi bila shaka, kwamba iliibwa kutoka kwa mlalamishi, na kwamba iliibwa siku za karibuni. Hapo ndipo masikini huumia. Nani kambini huhifadhi risiti ya simu? Godoro la msaada linafanana na magodoro ya familia zote zilizopokea siku ile. Afadhali mbuzi, maana ana alama, na simu, maana ina nambari yake ya utambulisho inayoweza kufuatiliwa. Mwenye nyumba anayeiandika nambari hiyo kwenye daftari la mtoto amejiwekea ushahidi mzito kuliko mashahidi watatu.

Kikwazo kingine ni muda. Shahidi aliyeona jambo Januari ataitwa Juni. Huenda amerudi Somalia, au amepelekwa nchi ya tatu, au amehamia kambi nyingine. Upande wa mashtaka ukishindwa kuwaleta mashahidi, hakimu hana budi kuamua kwamba mshtakiwa hana kesi ya kujibu na kumwachilia chini ya kifungu cha 210 cha Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai. Akishaachiliwa hivyo, hawezi kushtakiwa tena kwa kosa lilelile. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na tumbo linaloumia ni la mlalamishi.

Maslaha: nguvu yake na dosari zake

Katika mazingira hayo, nani atashangaa kwamba watu hukimbilia maslaha? Penye wazee haliharibiki neno. Wazee hukaa siku ya pili au ya tatu, si mwezi wa sita. Hawahitaji risiti, kwa kuwa wanawajua watu. Familia ya mkosaji hubeba deni pamoja naye, kwa hiyo fidia hulipwa hata kama yeye mwenyewe hana kitu. Simu hurudishwa au hununuliwa nyingine, turubai hulipwa, huongezwa kiasi cha kufuta uchungu, na ukoo hujifunga kumrudi kijana wao. Majirani watakaoendelea kuchota maji kwenye bomba moja wanapatana. Hayo ni mema makubwa, na mahakama peke yake haiwezi kuyaleta yote.

Lakini maslaha yana dosari ambazo haifai kuzifunika kwa heshima ya wazee. Ya kwanza ni kwamba nguvu ya mlalamishi hufuata ukubwa wa ukoo wake. Mwenye ukoo mkubwa hulipwa kamili na upesi. Mjane wa ukoo mdogo, au mkimbizi kutoka Ethiopia, Sudan Kusini au Kongo anayeishi kati ya wengi wasio wake, hukabidhiwa chochote kilichobaki na kuambiwa ashukuru. Ya pili ni kwamba mwanamke mara nyingi huwakilishwa na mwanamume. Nyumba iliyovunjwa ni yake, hofu ni yake, chakula kilichopotea ni cha watoto wake, lakini anayekubali fidia ni shemeji, na pengine anayeipokea ni huyohuyo shemeji. Ya tatu ni kwamba hakuna maandishi. Kijana aliyesamehewa Ifo anaweza kusamehewa tena Hagadera kama mkosaji wa mara ya kwanza, na wa mara ya pili, na wa mara ya tatu. Ya nne ndiyo mbaya kuliko zote: kosa la wizi linaweza kuwa limefunika kosa jingine. Mwizi aliyeingia usiku na kumdhulumu msichana aliyelala humo hawezi kuachwa akapatanishwa kwa fidia ya simu.

Yapo pia madhara kwa mshtakiwa. Kijana asiye na hatia anaweza kulazimishwa na familia yake akubali kosa ili ukoo usiingie katika uhasama. Analipiwa, anaitwa mwizi, na hana pa kukata rufaa. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Methali hiyo inamhusu mtuhumiwa kama inavyomhusu aliyeibiwa.

Sheria inaruhusu nini

Kifungu cha 159 cha Katiba kinazitaka mahakama kuendeleza njia mbadala za kusuluhisha migogoro, zikiwemo za kitamaduni, mradi haziendi kinyume na Sheria ya Haki, haki na maadili, wala Katiba yenyewe. Mwezi Agosti 2020 Idara ya Mahakama ilizindua sera ya mifumo mbadala ya haki, inayoitambua kazi ya wazee na kutafuta namna ya kuiunganisha na mahakama. Kwa upande mwingine, kifungu cha 176 cha Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai kinaruhusu hakimu kuhimiza upatanisho katika makosa ya kibinafsi yasiyo makubwa. Kuvunja nyumba usiku ni kosa kubwa, kwa hiyo kifungu hicho hakitoshi.

Mvutano huo ulijitokeza mwaka 2013 katika kesi ya mauaji iliyokuwa mbele ya Mahakama Kuu jijini Nairobi. Familia mbili zilikuwa zimekaa na kulipana fidia kimila, ngamia na mbuzi wakiwemo, na upande wa mashtaka ukaomba kesi iondolewe. Jaji alikubali, akitegemea Katiba. Uamuzi huo ulizua mjadala mkubwa miongoni mwa mawakili, na baadaye majaji wengine walikataa maombi ya namna hiyo. Ikiwa mauaji yaliweza kufikiriwa, wanauliza wengi wa Kaskazini Mashariki, kwa nini simu na godoro zisiwezekane?

Njia iliyo wazi ni kifungu cha 87 cha Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai. Mwendesha mashtaka, kwa idhini ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, anaweza kuomba kuondoa kesi kabla ya hukumu. Kesi ikiondolewa kabla ya mshtakiwa kuanza kujitetea, mlango haujafungwa kabisa, kwani anaweza kushtakiwa upya kwa mambo yaleyale. Faida yake kwa mwenye nyumba ni kubwa: maslaha yasipotekelezwa, fidia isipolipwa, faili inaweza kufufuliwa. Kwa sababu hiyo, makubaliano yaliyofikishwa kwa hakimu yana nguvu ambayo makubaliano ya chini ya mti hayana.

Hukumu inaweza kurudisha kitu

Kuna dhana kwamba mahakama inajua kufunga tu. Si kweli. Hakimu anaweza kuamuru mali iliyopatikana irudishwe kwa mwenyewe, na anaweza kumwamuru aliyepatikana na hatia alipe fidia. Sheria ya Kuwalinda Waathiriwa ya mwaka 2014 inampa aliyeathiriwa haki ya kusikizwa. Sheria ya Kazi za Kijamii ya mwaka 1998 inamruhusu hakimu anayeona kifungo kisichozidi miaka 3 kinatosha kumpa mkosaji kazi ya manufaa kwa umma badala ya gereza. Afisa wa probesheni huandika ripoti kuhusu maisha ya mkosaji, na humo ndimo upatanisho wa familia unapoweza kuelezwa na kupewa uzito.

Kwa watoto, Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inasema aliye chini ya miaka 12 hawezi kubebeshwa jukumu la jinai, na inaweka utaratibu wa kumwondoa mtoto mkubwa zaidi katika mkondo wa kesi ili arekebishwe. Jambo hili lina maana kubwa Dadaab, ambako nusu ya wakazi au zaidi ni watoto, na ambako kijana aliyemaliza shule haruhusiwi kwenda kutafuta kazi Nairobi. Kumfunga mvulana wa miaka 15 pamoja na wezi sugu ni kumpeleka kwa walimu wasiofaa. Kumwacha bila kumrudi ni kumfundisha kwamba nyumba ya jirani haina mwenyewe. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Linalopaswa kufanyika

Haya yote yanaelekeza mahali pamoja. Mahakama na maslaha havina sababu ya kushindana Dadaab, kwani kila kimoja kinakosa kile ambacho kingine kinacho. Mahakama ina rekodi, ina nguvu ya kutekeleza na ina rufaa, ila iko mbali na ina mwendo wa kobe. Wazee wako karibu, wana kasi na wanawajua watu, ila hawana daftari wala kinga ya mnyonge.

Kwanza, vikao vya mahakama Dadaab viwe vya mara kwa mara na tarehe zake zijulikane mapema, ili shahidi apange siku yake na mshtakiwa asioze rumande. Pili, kesi za mali ndogo zipewe kipaumbele cha kusikizwa ndani ya wiki chache, mashahidi wakiwa bado wapo. Tatu, kila maslaha ya kesi iliyokwishapata nambari ya OB yaandikwe kwa lugha ambayo pande zote zinaielewa, yaletwe kwa mwendesha mashtaka, na yathibitishwe na hakimu. Nne, hakimu amuulize mwenye nyumba, uso kwa uso na bila shemeji kando yake: umerudishiwa nini? Nani amekipokea? Unakubali kwa hiari? Tano, makosa ya dhuluma za kingono na ya kutumia silaha yasipokelewe kamwe kwa maslaha, hata wazee waombe vipi. Sita, mlalamishi asiye na ukoo wa kumtetea apewe wakili au msaidizi wa kisheria tangu siku anapoandikisha taarifa.

Wazee wa Dadaab wasione hatua hizi kama kunyang'anywa heshima yao. Suluhu ya haki haiogopi kuandikwa, na mzee mwadilifu hana cha kupoteza hakimu akimuuliza mjane kama amelipwa. Nao wenye nyumba wana la kufanya leo, kabla ya sera yoyote kubadilika: waandike nambari za simu zao, watie alama mali yao, na waripoti kila wizi hata ukiwa mdogo, wachukue nambari ya OB na kuitunza. Wasikubali jambo lao limalizwe na watu wengine huku wao wakisubiri nje. Nyumba ni yao, hata ikiwa ya turubai, na hakuna kesi iliyokwisha kwa haki mpaka wao waseme imekwisha.